Rhapta ina jina ila haina mahali, Engaruka ina mahali ila haina jina: mji uliopotea unatambuliwaje?

#1 Dereva wa Natron (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Juzi kijiweni Mianzini, hapa Arusha, kidogo tushikane mashati kwa ajili ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Chalii mmoja alifungua simu akatuonyesha picha ya mawe yaliyopangana chini ya bahari upande wa Mafia, na juu yake maandishi makubwa kwamba Rhapta imepatikana. Habari yenyewe ni ya 2016, ila kila baada ya miezi kadhaa inazunguka upya kana kwamba imetoka jana. Nusu ya kijiwe wakashangilia. Mimi nikauliza, jamani, kathibitisha nani na kwa kipi? Nikaitwa msaliti wa historia ya Mwafrika, chai yangu ikapoa hivihivi. Nimeona nililete hapa, huenda kuna watu wenye subira.

Kwa asiyejua. Rhapta ni mji wa zamani kabisa wa pwani yetu kutajwa kwa jina katika maandishi. Kuna kijitabu kiitwacho Periplus, mwongozo wa safari za majini, kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halijulikani. Anaanzia Bahari ya Shamu, anazunguka pembe ya Somalia, anashuka na pwani aliyoiita Azania, anataja kisiwa cha Menouthias, halafu anasema mwendo wa siku mbili mbele yake ndipo lilipo soko la mwisho kabisa: Rhapta. Jina, anasema, limetokana na mashua za kushonwa. Watu wa pwani hapa mtakumbuka mitepe. Pembe za ndovu zilikuwa tele, na magamba ya kasa, na pembe za faru. Wageni walileta mikuki, mashoka, visu na shanga za kioo. Ngano na mvinyo walikuja navyo kidogo, si vya kuuza bali vya kuwalainisha wenyeji. Kumbe takrima haikuanza na uchaguzi wa juzi.

Karibu miaka 100 baadaye Ptolemy wa Alexandria, mwanajiografia, akautaja tena, safari hii akauita mji mkuu, uko kwenye mto, umeingia ndani kidogo kutoka baharini, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Baada ya hapo kimya.

Sasa mimi napeleka wageni Ziwa Natron. Ukitoka Mto wa Mbu ukaipita Selela unafika Engaruka, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Pale kuna matuta ya mawe mlimani, kuta za mashamba na mifereji mikavu inayokwenda mbali mpaka macho yanachoka. Pale hapahitaji kutafutwa, unapakanyaga. Lakini waliopajenga walijiitaje, au walipaitaje, hakuna ajuaye. Engaruka ni jina la Wamaasai waliopo sasa.

Basi swali langu ni hili. Kule tuna jina linalotafuta mahali, huku tuna mahali panapotafuta jina. Mtu anatakiwa ashike nini mkononi ndipo aseme "ni hapa" na tumwamini?

#2 Kipara wa Kaloleni

Nimekaa paleee na karanga zangu. Watani wa Mafia waje.

#3 Mangi Hesabu

Mleta uzi, mimi napima viwanja hapa Moshi, kwa hiyo ngoja nikuletee namba.

Yule mfanyabiashara anasema Menouthias iko stadia 300 kutoka bara. Stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki, na moja wengi huihesabu kama mita 185. Zidisha, unapata kilomita 55 na ushee. Kamata ramani. Unguja iko kama kilomita 35 kutoka bara. Mafia ndiyo kabisa, ukitokea delta ya Rufiji hata 25 hazifiki. Pemba iko kama 50. Kwa kigezo hicho peke yake, Pemba inashinda.

Haya, siku mbili. Mabaharia wa enzi zile walikadiria stadia 500 kwa mwendo wa mchana, yaani kilomita 90 na kitu. Siku mbili ni 185. Teremka kilomita 185 kusini mwa Pemba, unatua mitaa ya Dar es Salaam. Kama Menouthias ni Unguja, hesabu ileile inakutupa Rufiji. Kama ni Mafia, unaipita mpaka Kilwa. Umeona? Ukikosea kisiwa umekosea mji, na kisiwa chenyewe hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Na hapo nimekuwa mpole. Baharia mmoja aliyetajwa na Ptolemy alisema alitoka Rhapta akafika ncha ya Somalia siku ya 20. Waliokuwa wakipiga hesabu walimpa stadia 1,000 kwa kila mchana na usiku. Hiyo ni stadia 20,000, sawa na kilomita 3,700. Sasa pima kutoka Dar hadi ile ncha kwa mstari mnyoofu: kama 2,500. Kosa la zaidi ya kilomita elfu moja! Mimi nikipeleka ramani ya namna hiyo ofisini narudishwa nyumbani na kofia yangu. Kuna upepo, kuna mikondo, kuna kutia nanga usiku, na kuna mwanamume kujisifu bandarini.

Watu huona "nyuzi 7", wakaangalia Dar iko nyuzi 6 na dakika 48, wakapiga vigelegele. Zile nyuzi Ptolemy alizitoa kwenye siku za safari za mabaharia hao hao. Hakuna habari ya mtu aliyesimama Rhapta na chombo akapima jua.

Mimi moyo wangu uko Pangani, na sababu ni ya kibinafsi: ule mto ni maji yetu. Kikuletwa inatoka upande wa Meru, Ruvu upande wa Kilimanjaro, zinakutana Nyumba ya Mungu ndipo Pangani inaanza safari. Ningefurahi sana Wagiriki wawe walikunywa maji ya Moshi. Ila tuwe wakweli, Pangani iko karibu mkabala na ncha ya kusini ya Pemba. Hizo siku mbili za safari walikuwa wanazunguka nini?

#4 Kipara wa Kaloleni

Walikuwa wanatafuta kiwanja kisicho na mgogoro.

#5 Binti Kilindoni

Kaka Mangi, asante kwa namba, lakini mtu wa Mafia akikisoma kile kijitabu anaona mengine. Mimi nimezaliwa Kilindoni, nimeolewa Moshi, mwaka wa 9 huu sijazoea baridi yenu.

Kinasema watu wa Menouthias walivua kwa vikapu vya kusuka, wakivitega kwenye milango ya maji kati ya miamba. Hayo si madema? Babu yangu alikuwa akisuka dema uani na sisi watoto tunamkabidhi fito. Kinasema kisiwa kina mamba wasiodhuru mtu. Mamba gani huyo asiyedhuru mtu? Huyo ni kenge, mgeni kamwona kwa mbali akakimbia kuandika.

Ila madema yapo pwani nzima, na kenge vilevile, kwa hiyo sisemi Menouthias ni kwetu. Nasema huyu mtu, au aliyemsimulia, alifika kweli pwani hii. Hadithi za kubuni haziwi na dema.

Kuhusu yale mawe chini ya maji, nitasema moja tu. Mwamba wa ufuoni hupasuka wenyewe kwa mistari iliyonyooka, vipande vinakaa kama matofali. Ukiupita kwa mtumbwi maji yakiwa yametulia utaapa kwamba ni barabara. Kwetu nimeona vipande vya hivyo toka utotoni na hakuna aliyesema ni mji.

#6 Azania Yetu

Ndio tatizo letu hilo. Mpaka Mzungu aje aseme ndipo mnakubali. Profesa Felix Chami ni Mtanzania, kafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kachimba pwani hii miaka na miaka, na yeye ndiye aliyesema yale mawe yanaweza kuwa Rhapta. Mnataka malaika ashuke? Troy, ule mji wa vita katika hadithi za Wagiriki, nayo walisema ni ngano za kale, ikapatikana. Wazee wetu walikuwa na mji mkuu ulioandikwa na Wagiriki, nyie mnahesabu kenge.

#7 Mwalimu Mstaafu

Azania Yetu, mwanangu, hasira yako naielewa. Nimefundisha historia miaka 31 na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kitabu cha mwanafunzi kilianza na mgeni kufika. Lakini mfano wa Troy uliouleta unakukata wewe mwenyewe.

Mjerumani Schliemann, aliyekuwa akiitafuta Troy, alianza kuchimba kilima cha Hisarlik, Uturuki, 1870. Kilima chenyewe alionyeshwa na Frank Calvert, aliyekuwa na sehemu ya ardhi ile na alishaanza kuchimba kabla yake. Schliemann alikuwa na haraka. Alipasua handaki kubwa katikati ya kilima, na 1873 akatoka na dhahabu akatangaza ni hazina ya Priam, mfalme wa Troy. Baadaye ikaonekana tabaka alilotoa dhahabu ile lina umri wa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya vita anavyovitafuta. Matabaka ya juu, ambayo ndiyo yangemfaa, alishayatupa na vifusi. Mahali alipatia, wakati akakosea, na ushahidi akauharibu kwa jembe lake mwenyewe. Huo ndio ushindi mnaoutaka Mafia?

Mfano mzuri uko katika Periplus hiyohiyo. Safari inaanzia bandari ya Misri iitwayo Myos Hormos. Kwa muda mrefu wataalamu waliiweka mahali pengine kabisa, kaskazini zaidi. Halafu wakachimba Quseir al-Qadim, wakapata vigae na mafunjo yenye maandishi ya watu wa pale pale, makarani, stakabadhi, na ndani yake jina la bandari. Ubishi ukaisha. Mji ulijitaja wenyewe.

Mfano wa katikati ni Muziris ya India, nayo imo. Tangu 2007 wamechimba Pattanam, jimbo la Kerala, wakatoa maelfu ya vipande vya mitungi ya mvinyo iliyotoka Bahari ya Kati. Wengi wanaamini ndiyo yenyewe. Lakini jina halijapatikana ardhini, na mpaka leo wapo wanaobisha. Maelfu ya vipande vya mitungi, na bado watu wanabisha! Sisi kwa Rhapta tuna nini?

#8 Dereva wa Natron

Shikamoo Mwalimu. Hiyo "mji ulijitaja wenyewe" nitaiba.

#9 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Iba tu, haina hati miliki.

#10 Kigae

Mwalimu kauliza tuna nini kwa Rhapta. Nasoma akiolojia mwaka wa 3, kwetu ni Tengeru, niko nyumbani likizo. Ngoja nijibu, ni ndefu kidogo.

Kwanza Azania Yetu, Prof. Chami namheshimu kuliko wewe, kwa sababu nimelazimika kumsoma usiku wa kuamkia mtihani. Nguvu yake haiko kwenye picha ya chini ya bahari, iko kwenye mashimo ya nchi kavu. Kabla yake wengi walikuwa wakisema pwani hii haikuwa na watu wa kusimuliwa mpaka Waarabu walipokuja kujenga. Yeye na wenzake wakatembea Rufiji, Kwale, Mafia, Kisiju, wakatoa vyungu vya wakulima waliofua chuma, vya karne za mwanzo kabisa, na mavi ya chuma ya kujaza debe. Halafu Mkukutu, karibu na Kibiti, wakapata shanga za kioo alizozieleza kuwa za Kirumi, akachapisha 1999. Hilo ni jambo kubwa. Kile kijitabu kinasema shanga za kioo zililetwa Rhapta, na kwenye bonde la Rufiji zikatoka ardhini.

Lakini ona tofauti. Shanga zile zilitoka kwenye shimo lililopimwa, lenye tabaka, pamoja na vyungu vinavyojulikana umri. Mtu yeyote anaweza kuichukua ripoti akabishana nayo. Picha ya mawe majini unabishana nayo kwa kipi? Hujui nini kiko chini yake, kando yake, kimekatwa na patasi gani. Hata Bahamas walipiga kelele 1968 kwamba wameona barabara ya mji uliozama. Wanajiolojia walipoingia majini wakasema ni mwamba wa ufuoni, huohuo anaousema dada wa Kilindoni.

Pili, na hili ndilo watu hawalipendi: kwa nini tunatafuta ukuta? Nyumba za mawe ya matumbawe tunazoziona Kilwa na kwingineko ni za karne nyingi baada ya Rhapta. Mji wa karne ya 1 huku kwetu yawezekana ulikuwa wa miti, udongo na makuti. Ukiachwa, mchwa wanamaliza kazi kwa miaka michache. Kinachobaki ni duara jeusi ardhini pale palipokuwa na nguzo, majivu ya jiko, mifupa ya samaki na kigae. Ukipita na gari huoni kitu. Unaona kwa kutembea mistari ukiinamisha kichwa, kisha shimo la mita moja kwa moja, kisha mwiko na brashi, sentimita kwa sentimita. Mkaa unapelekwa maabara kupimwa kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, ndipo unajua moto ule uliwashwa karne gani.

Na Ptolemy anasema mji ulikuwa mtoni. Delta ya Rufiji inahamahama, mkondo wa leo si wa jana, tope na mikoko vinafunika kila kitu. Inawezekana Rhapta iko chini ya mita kadhaa za tope na juu yake mtu kapanda mpunga.

Tatu, hata shanga za Mkukutu hazisemi "hapa ndipo Rhapta". Zinasema bidhaa zilifika hapa. Shanga inatembea. Leo unaiuza sokoni, kesho iko shingoni mwa bibi harusi safari ya siku tano kutoka baharini. Ungepata shanga nyingi, na mitungi, na vyuma vya kigeni, na mabaki ya pembe za ndovu, vyote tabaka moja, mahali pamoja, karibu na mto, hapo ningesimama nikavua kofia. Bado nisingeapa.

#11 Azania Yetu

Umeandika vizuri mdogo wangu, nakubali. Lakini unaona unavyosema "miti na makuti"? Ndio vilevile walivyotudharau.

#12 Kigae

Kaka, nani kasema makuti ni dharau? Mji unaouza pembe za ndovu mpaka Roma, unaofuatwa na meli kutoka Yemen msimu baada ya msimu, ukakaa kwenye nyumba za makuti, kwangu mimi una heshima zake. Kile kijitabu chenyewe kinasema mawakala wa Kiarabu waliotumwa walioa kwa wenyeji na kujua lugha yao. Mgeni ndiye aliyejifunza lugha.

#13 Azania Yetu

Hilo la lugha sikulijua. Haya, nimeshuka.

#14 Dereva wa Natron

Kigae umenigusa kwenye Engaruka bila kuitaja. Acha niungame.

Miaka minne ya kwanza ya kazi hii nilikuwa nawaambia wageni, "Huu ulikuwa mji wa watu 40,000." Niliambiwa na aliyenifundisha njia, naye aliambiwa. Wageni wanafurahi, wanapiga picha, bakshishi inanona. Siku moja nikawa na mzee mmoja mgeni, mkulima mstaafu huko kwao. Hakupiga picha hata moja. Alipiga goti kwenye mfereji, akaangalia juu mlimani, akaangalia chini, akaniuliza maji yaliingilia wapi na yalitokea wapi. Sikuwa na jibu. Akaniuliza hao watu 40,000 walikuwa wakilala wapi, maana anachokiona yeye hapo ni shamba. Siku hiyo nilitamani gari liharibike tuongee habari nyingine.

#15 Kigae

Hahaha, hiyo namba chimbuko lake ni mwanaakiolojia Louis Leakey. Alifika 1935, akakagua kwa muda mfupi, akakadiria nyumba zaidi ya 6,000 na watu zaidi ya 30,000. Magazeti yakaipenda, mji uliopotea Afrika, unaelewa tena. Hamo Sassoon alichimba 1964 na 1966, John Sutton akaendelea baada yake. Picha ikabadilika. Vijiji vipo kweli, saba, kwenye miteremko ya chini ya ule ukuta wa bonde, kila nyumba na kijukwaa chake cha mawe. Lakini ile bahari ya mawe tambarare, eneo la kilomita za mraba 20 hivi, sehemu kubwa ni mashamba: kuta za kugawa vitalu, mifereji, na marundo ya mawe waliyoyaokota wapate kulima. Mtama wao umepatikana umeungua. Walikuwepo kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Daryl Stump akaonyesha baadaye kwamba vitalu vingine vilitengenezwa kwa kuzuia tope la mafuriko nyuma ya kuta. Yaani udongo wenyewe waliutega, kama dada alivyosema dema.

Kwa hiyo yule mzee mgeni alikuwa sahihi. Na mimi naona shamba la namna hiyo ni habari kubwa kuliko mji.

#16 Mangi Hesabu

Sasa hapa mmenileta nyumbani. Mnajua mfongo? Wachagga tumeleta maji kutoka korongoni hadi mgombani kwa mifereji tangu enzi za mababu. Ukiukosea mteremko kidogo, maji yanakimbia yanabomoa. Ukiupunguza, yanalala yanaacha tope. Mimi leo nafanya hivyo kwa mashine ya mamilioni na betri mbili. Nilifika Engaruka Juu mara moja, nikaangalia zile mifereji za mawe, nikarudi kwenye gari nikakaa kimya. Wale watu walipima kwa macho na maji yenyewe.

Je, walikwenda wapi? Nasikia wengine wanasema ni Wasonjo wa leo, wengine Wairaqw.

#17 Kigae

Wasonjo nao wanamwagilia, ndiyo maana watu wanawahusisha. Wengine wanawataja Wairaqw. Kuhusu kuondoka kwao, wengi wanaangalia maji: mito iliyokuwa ikishuka kutoka nyanda za Ngorongoro ikapungua, na shamba la mfereji bila mto ni mawe tu. Hakuna kigae cha pale kinachotaja kabila. Hawakuandika, kwa hiyo hawawezi kujitaja kama ile bandari ya Mwalimu.

#18 Chalii wa Selela

Wakuu, nimesoma tangu juu kimyakimya. Nina jambo na naomba msinirushie mawe, hata ya Engaruka.

Nikiwa darasa la 5 tulipelekwa ziara pale. Mwalimu akisema usiokote kitu, unajua mtoto anasikia nini. Niliokota ushanga mmoja, mwekundu, mdogo kama punje ya mtama. Nikauficha kwenye soksi. Ninao mpaka leo, umekaa kwenye kikopo cha dawa na vifungo vya mashati. Kigae, huo ni wa karne ya ngapi?

#19 Kipara wa Kaloleni

Karanga zimeniganda kooni. Jambazi wa soksi!

#20 Kigae

Chalii, asante kwa kusema. Lakini jibu sina, na hakuna mwenye nalo kwa kuuangalia tu. Mahali pale Wamaasai wamepita na mifugo yao toka wenye mifereji walipoondoka. Ushanga mwekundu unaweza kuwa wa mtu aliyelima mtama miaka 300 iliyopita, na unaweza kuwa umekatika shingoni mwa dada wa Kimaasai wiki moja kabla ya ziara yenu. Ungekuwa umebaki ardhini, tabaka lingetuambia. Ulikuwa juu au ndani ya udongo? Ndani ya nyumba, mferejini, au njiani?

Na kwa faida ya wengine, vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kuchimba bila kibali ni kosa, hata kama kijiko ni cha mama.

#21 Chalii wa Selela

Nakumbuka ukuta uliobomoka kwenye kona, na mti wa mgunga. Jumamosi napanda gari niende nikapatambue, nikupigie picha.

#22 Dereva wa Natron

Jumamosi nina wageni wa Natron na siti moja iko wazi. Uwe Selela saa 4 asubuhi. Usivae soksi.

#23 Chalii wa Selela

Nimerudi jana usiku. Dereva shahidi.

Migunga ipo kama ishirini. Kuta zote zimebomoka kwenye kona. Nilisimama hapa nikasema ni hapa, nikaenda hatua mia nikasema hapana, ni hapa. Jua likawa kali. Mzee mmoja anayechunga mbuzi akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia sijapoteza kitu, natafuta mahali. Akaniangalia sana. Kisha akaninyooshea fimbo kunionyesha choo.

Ushanga bado uko mfukoni. Jumatatu naupeleka makumbusho pale Boma.

#24 Kigae

Peleka. Uambatanishe na karatasi, uandike: Engaruka, mahali hasa hapajulikani. Uliuokota mwaka gani?

#25 Chalii wa Selela

2003. Au 2004.